Una STI, Mark X au Crown na masika imeanza? Soma hii kabla hujatoka

Wakuu, kila mvua zikianza kuna swali linarudi: nimefunga tairi za summer, si zitanimaliza kwenye maji? Jibu fupi ni hapana, jibu refu ndio hili hapa. Nitaongelea zaidi Subaru WRX STI za GRB na GVB (hizo ni kodi za bodi, hatchback na sedan) maana ndizo zimejaa mjini, ila mwenye Evo, Crown Athlete au Golf GTI mengi yanamhusu pia, na mwenye Mark X ile sehemu ya kona asome mara mbili.

Tairi ya summer imetengenezwa kwa lami yenye joto, iwe kavu iwe na maji. Raba yake inaanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, ndio maana Ulaya na Japani baridi ikiingia watu wanazivua. Sasa Dar mvua ya Aprili inanyesha kukiwa na nyuzi ishirini na kitu, so raba yako haina shida yoyote. Hata Iringa na Njombe ile baridi ya kung'ata inakuja Juni na Julai, na muda huo kule kumekauka. Kwa hiyo acha kulaumu aina ya tairi. Kinachoua huku kwetu ni kashata (ile michoro ya raba inayogusa lami) kuisha, raba kuzeeka, watu kujiongezea upana wa tairi, na mguu wa dereva.

1. Hakikisha ni summer kweli

Hii wengi hawaijui. Gari nyingi zinashuka bandarini zikiwa na tairi za theluji kutoka Japani, hasa zile zilizotumika mikoa ya kaskazini, na mtu anaona kashata nene anafurahi kapata tairi mpya za bure. Chungulia ubavuni, ukikuta neno STUDLESS, au majina kama Blizzak, iceGuard, Winter Maxx, hizo ni za barafu. Raba yake ni laini, kashata imechanjwa vimistari vingi vyembamba, na kwenye lami ya joto yenye maji zile kashata zinayumba, breki inakwenda mbali, na ukikata kona kwa spidi unasikia kabisa gari inacheza kiuno. Kwenye IST ya kwenda sokoni utaishi nazo. Kwenye gari ya farasi 300 toa, usijiulize mara mbili.

Upande wa pili kuna wale wa mashindano wanafunga kitu kama Toyo R888R afu wanatembelea kila siku. Kavu ni balaa, inashika lami vibaya mno. Mvua ikinyesha ile mifereji yake michache haina pa kupeleka maji. Kama ndio ulizonazo, siku ya mvua kubwa panda bajaji.

Tairi ya kati, ile ya spidi lakini ya barabarani kama Michelin Pilot Sport, ndio ninayozungumzia kuanzia hapa. Nyingine ubavuni zimeandikwa TRACTION ikifuatiwa na AA, A, B au C, hiyo ni alama ya breki kwenye lami iliyolowa. Chukua AA au A, hizo zingine muachie muuzaji.

2. Pima kashata, na usipime upande wa nje tu

Tairi mpya ya aina hii ina kina cha milimita 7 au 8 hivi. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo, kashata ikishuka mpaka kulingana navyo ujue umebakiwa na milimita 1.6, hiyo ni kipara kwa maana yoyote ile. Ila usisubiri ufike huko. Chini ya milimita 3 uwezo wa kutoa maji unaporomoka haraka, na mimi kwa gari ya spidi hapo ndio mwisho wa tairi wakati wa masika. Huna kipimo? Chukua njiti ya kiberiti, izamishe kwenye mfereji, weka kucha pale inapoishia, hamishia kwenye rula ya mtoto wa shule.

Kwa nini hizi milimita ni kesi? Piga hesabu mwenyewe. Tairi ya 245, yaani upana wa milimita 245 kama wa GRB, ikipita kwenye maji ya kina cha milimita 3 kwa spidi ya 100, inakutana na lita kama 20 kila sekunde. Ndoo nzima ya lita 20, kila sekunde, tairi moja. Yale maji lazima yapite kwenye mifereji au yatupwe pembeni, yakikosa njia yanaingia chini ya tairi na wewe unakuwa juu yake. Na mtu aliyetoa 245 akafunga 265 ili gari ikae kibabe, ndoo yake imezidi karibu lita 2. Upana unasaidia kavu. Kwenye maji yaliyotuama unakuongezea kazi.

Sasa hapa ndio penye mtego. Gari iliyoshushwa kwa koilova (shokapu za kurekebisha urefu) au springi fupi, au iliyolazwa tairi kwa juu ziingie ndani (camber), inakula upande wa ndani. Ukisimama nje unaona tairi ina kashata safi kabisa, kumbe ndani ni kipara mpaka waya zinakaribia kuchungulia. Zungusha usukani mpaka mwisho, washa tochi ya simu, ingiza mkono nyuma ya tairi upapase ile kingo ya ndani kwa vidole, sio kuangalia tu. Tairi za nyuma usukani haukusaidii, lala chini au omba gari ipandishwe kwa fundi. Ukikuta laini kama meza ya kioo, nunua tairi na ukafanye alaimenti siku hiyohiyo, vinginevyo mpya nazo zitaliwa hivyohivyo.

3. Umri, na zote nne zifanane

Tafuta tarakimu nne mwisho wa mstari unaoanzia na DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba ikipita miaka sita inakuwa ngumu hata kama kashata ipo, na ngumu kwenye maji ndio kuteleza. Tairi za mtumba wanazipiga rangi nyeusi zinang'aa, tarakimu ndio hazidanganyi.

Kwa Subaru kuna la ziada: kampuni yenyewe inataka mzunguko wa tairi zote nne usipishane zaidi ya milimita 6.4. Ukipata pancha mbaya ukafunga moja mpya na tatu zilizochoka, difu ya kati inafanya kazi muda wote hata ukienda kwenye mstari ulionyooka, na siku moja utalipia. Kwa Mark X na zingine za kusukuma nyuma, kama una mbili nzuri tu basi zikae nyuma. Najua kuna watu watabisha wanasema mbele ndio kwenye breki na usukani. Mbele ikiteleza gari inagoma kukata, unapunguza spidi inarudi. Nyuma ikiteleza inakuja kukusalimia dirishani.

4. Upepo

Fuata stika ya mlangoni kwa dereva, pima tairi zikiwa za baridi, kwa maana hujatembea zaidi ya kilomita mbili tatu. Kuna ushauri wa kijiweni kwamba mvua ikinyesha upunguze upepo ili tairi ishike. Huo ushauri ni wa mchanga na matope, kwenye lami yenye maji ni kinyume kabisa. Watafiti wa NASA mwaka 1963 walitoa kanuni ya spidi ambayo tairi inaanza kuelea kabisa juu ya maji, waliipata kwenye tairi za ndege, na kitu kikubwa ndani yake ni upepo. Ukiiweka kwenye kilomita inatoka hivi: upepo wa PSI 32 (PSI ni kipimo cha upepo kwenye geji) unaelea kwenye 94 hivi, PSI 24 unaelea kwenye 82. Usizichukue kama ruhusa ya kutembea 90, tairi pana zilizochoka zinaelea mapema kuliko hapo. Chukua funzo tu kwamba upepo mdogo unakushusha.

Hiyohiyo kanuni inajibu swali la kwa nini basi la mkoani linakupita kwenye mvua kama halioni maji wakati wewe mwenye STI usukani unakuwa mwepesi. Tairi zake zina PSI 100 na zaidi, na mzigo juu. Kwa kuelea tu, yeye yuko mbali sana na hatari kuliko wewe. Kwa hiyo usimfuate ati kwa sababu gari yako ni ya spidi zaidi, mwache aende, pamoja na ule ukungu wa maji anaokuachia kwenye kioo.

5. Vitu vidogo kabla ya safari

Ukiosha gari waambie vijana wasipulize taya shaini (dawa ya kung'arisha tairi), au wapake ubavuni kwa kitambaa tu. Ikigusa kashata umepakwa mafuta tairi zote nne, na kona ya kwanza ikiwa na unyevu utaijua. Tairi mpya nazo zina utelezi wa kiwandani, zitembeze taratibu kilomita mia mbili tatu kwanza.

Badilisha waipa. Sabuni ya vyombo kwenye kioo cha mbele, ndani na nje, itoe ule utando wa mafuta. Ukungu ndani ya kioo unaondolewa na AC ikielekezwa kiooni, hata kama unasikia baridi.

6. Mipangilio ya gari

STI ya GRB: SI-Drive, ile swichi ya kuchagua ukali wa injini, weka kwenye I. Najua inaboa, lakini pedali inakuwa pole na turbo haikurushi. DCCD (kidhibiti cha difu ya kati) iache AUTO, usiifunge kwenye lami, gari itagoma kukata kona. VDC (mfumo wa kuzuia gari isiteleze) iache kawaida, sio ile hali ya kati na sio kuizima. Mark X: VSC (kazi yake ni ileile ya VDC) iwake, hali ya snow kama ipo itumie kuondokea, na usiweke sport. Cruise control kwenye gari yoyote, zima, maana tairi zikielea yenyewe haijui, inaweza kuongeza moto (mafuta) wakati wewe unataka upungue.

Na tuelewane kuhusu AWD, yaani gari inayosukuma tairi zote nne. Inakusaidia kuondoka na kutoka kwenye kona. Kwenye breki haikusaidii chochote, kila gari duniani inafunga breki kwa tairi nne, pamoja na Passo. Shida ya Subaru ni kwamba inaondoka vizuri mno kwenye maji mpaka dereva anaamini lami imekauka, anafika kwenye kona na spidi ambayo gari ya kusukuma nyuma ingeshamwonya zamani.

7. Dakika za mwanzo za mvua

Lami iliyokaa wiki kadhaa bila maji imejaa oili, dizeli, vumbi na unga wa raba. Matone ya mwanzo yanachanganya huo uji, na hayatoshi kuuosha. Nusu saa ya kwanza ndio mbaya kuliko ikishanyesha saa mbili. Angalia sana maeneo ambayo malori yanasimama na kuondoka: mizani, vituo vya mafuta, mizunguko, vilima. Pia rangi nyeupe za barabarani, zebra, yale matuta madogo yaliyopakwa rangi na mifuniko ya chuma, vyote vikilowa vinateleza. Usifunge breki wala kukata usukani ukiwa juu yake.

Ukipata sehemu salama, nyuma hakuna mtu, uko spidi 30 na umenyooka, gusa breki kwa nguvu kidogo usikie ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge kwenye breki) inaingia mapema kiasi gani. Hapo lami imekwambia yenyewe ilivyo leo.

8. Spidi, nafasi na wapi pa kupitisha tairi

Kwa 80 unakula mita 22 kila sekunde. Hesabu sekunde nne kutoka aliye mbele yako, akipita kwenye nguzo anza kuhesabu. Ndio, watu watakuingilia hapo katikati, mwache aingie, hesabu upya.

Barabara kama ya Dar kwenda Morogoro na Iringa, au Mombasa kwenda Nairobi, malori yamekandamiza lami yakaacha mifereji miwili kila upande. Maji yanakaa humo. Ukiangalia kwa mbali utaona mistari miwili inayong'aa, hiyo ni maji, na katikati yake lami imefifia. Hamisha gari kidogo ili tairi zako zipite juu ya kingo na sio ndani ya mfereji, ila sio mpaka umfuate anayekuja. Pakiwa na gari mbele yako angalia alama za tairi zake: zikibaki wazi sekunde moja mbili basi maji ni machache na njia aliyoifungua itumie, zikifunikwa papo hapo maji ni mengi, shuka mpaka 60 au chini yake.

Na hazadi, jamani. Kuwasha hazadi huku unatembea kwenye mvua kunaficha indiketa zako, na aliye nyuma hajui kama umesimama au unaenda. Washa taa kubwa za chini, basi. Hazadi ni ukisimama.

9. Kona

Kila kitu kifanyike kimoja kimoja. Breki umalize ukiwa umenyooka, gia ishuke kabla, afu ndio ukate, afu ukishaanza kuunyoosha usukani ndio urudishe moto taratibu. Kavu unaweza kuchanganya hivyo vitu ukafanikiwa, lami ikilowa tairi haiwezi kukupa breki na kona kwa wakati mmoja.

Spidi ndio yenye nguvu kuliko ufundi wote: ukiingia kona kwa 60 badala ya 80, nguvu inayokuvuta nje inapungua karibu nusu. Mlima Kitonga wa barabara ya Iringa kwa mfano, ukipanda kutoka Ruaha Mbuyuni, kona zinafuatana, malori yanatambaa, dizeli imemwagika, na lami imesuguliwa mpaka inang'aa. Kaa gia moja juu ya ile unayotumia kavu, yaani kama ni ya pili weka ya tatu, ili turbo isije ikaamka katikati ya kona. Turbo inachelewa: unakanyaga, hakuna kitu, unaongeza, ghafla vyote vinakuja kwa pamoja na wewe bado umekata usukani. Ukishusha gia kwenye gari ya manyuo (manual) achia klachi pole na ulinganishe mzunguko wa injini, ukiachia kwa kishindo tairi zinazosukuma zinakwama kidogo, na kwa gari ya kusukuma nyuma hicho kidogo kinatosha.

Mwenye Mark X ya 3.5, yenye farasi zaidi ya 300 zote zinaenda tairi mbili za nyuma: hata mzunguko wa kawaida mjini, usukani ukiwa umekata, pedali isizidi robo. Na kama umenunua gari ya drift yenye difu ya nyuma iliyochomelewa, iache nyumbani mvua ikinyesha.

10. Ikishaanza kuteleza

Kuelea utakujua kwa mikono. Usukani unakuwa mwepesi ghafla kama umekatika, mngurumo wa tairi unapotea, mara nyingine RPM inapanda bila spidi kupanda. Achia mafuta taratibu, usukani ushike ulivyo umenyooka, usiguse breki, usikate. Ni sekunde moja au mbili, ila ni ndefu. Wengi wanapiga mzinga sio wakati wa kuelea bali wakati tairi zinashika tena na zimekuta usukani umekatwa nusu.

Mbele ikigoma kukata: usiongeze usukani. Punguza mafuta, rudisha usukani kidogo, subiri mbele ishike, kata tena. Nyuma ikitoka: macho yaangalie unapotaka kwenda na sio kwenye mtaro, usukani ufuate macho, mafuta punguza kidogo kidogo usiachie ghafla, na ikianza kurudi rudisha usukani mapema la sivyo inatokea upande wa pili.

Ukihitaji kusimama kwa dharura na gari ina ABS, kanyaga mpaka mwisho na ubaki hapo, ile kutetemeka mguuni ndio kazi yake. Usipige pampu.

11. Maji yaliyojaa barabarani

Pale Jangwani, Dar, wakifunga barabara, geuka. Maji ya sentimita 30 yanayotembea yanatosha kubeba gari ndogo nyingi, na gari iliyoshushwa inabebwa mapema zaidi. Hata yaliyotulia, angalia filta ya hewa iko wapi. GRB ikiwa kama ilivyotoka kiwandani inavuta hewa juu, karibu na boneti. Ila ukishafunga zile filta za kuvutia hewa ya baridi zilizojificha nyuma ya bampa, umeishusha pua ya injini mpaka usawa wa dimbwi. Yale maji yanayoingia kwenye tundu la boneti ya STI hayana neno, yanapoza intakula (kipoza hewa ya turbo) tu.

Ukilazimika kupita maji ya chini ya nusu ya rimu, nenda mwendo wa mtu anayetembea, gia ya kwanza, moto usiobadilika. Ukitoka, kanyaga breki kwa wepesi mara kadhaa ukiwa unatembea mpaka uzisikie zinashika tena.

Injini ikizima ndani ya maji, usipige starti. Hata mara moja. Maji hayabanwi, kinachopinda ni fimbo ya pistoni. Sukuma mpaka pakavu, ivutwe mpaka gereji, plagi zitolewe zote (kwenye boxer, injini ya Subaru yenye pistoni za kulala, ni kazi ya kuchubuka vidole, fundi atalalamika, mlipe), injini izungushwe bila plagi maji yatoke, filta ya hewa itupwe, na dipstiki ivutwe. Oili ikiwa na rangi ya maziwa imwagwe pamoja na filta yake kabla hiyo injini haijawashwa tena.